Klarineti kipande kwa kipande: pumzi inapita wapi na kila kitu kinafanya kazi gani

Anayeanza klarineti hulaumu mapafu yake kwanza. Sauti ikikwama anapuliza kwa nguvu zaidi. Ikichomoza na mlio mkali asioutarajia, anabana midomo. Mimi nafundisha ala hii na pia naifungua mezani kuitengeneza, na mara nyingi kosa nalikuta kwenye chombo: ridi (kipande chembamba cha tete kinachotikisika kwenye kipulizio) iliyokaa upande, daraja la kuunganisha mabomba lisilolingana, kifuniko kinachovujisha hewa. Ndiyo maana somo langu la kwanza ni kukijua chombo chenyewe, kuanzia pumzi inapoingia hadi sauti inapotokea. Noti zitafuata.

Ukifungua kasha utakuta vipande vitano: kipulizio, ambacho ndicho kinachoingia mdomoni, bareli, kipande kifupi kinene, bomba la juu, bomba la chini, na kengele, ule mdomo mpana wa mwisho. Ongeza ridi na kibanio chake. Klarineti ya kawaida, yaani ya B flati, ikishaunganishwa ina urefu wa kama sentimita 66, na uwazi wake wa ndani una kipenyo cha karibu milimita 15. Upana huo unabaki uleule karibu njia nzima. Bomba halitanuki kidogo kidogo kama la saksofoni. Tabia nyingi za klarineti, zinazopendeza na zinazosumbua, zinatokana na jambo hilo.

Klarineti nyingi nzuri huchongwa kwa mpingo, ambao kwa sehemu kubwa hutoka Tanzania na Msumbiji. Ni mbao nzito inayozama majini, ngumu kiasi kwamba matundu yaliyotobolewa hubaki na kingo safi kwa miaka mingi. Za wanafunzi huwa za plastiki, na huwa nampendekezea mtu plastiki bila kusita: haipasuki, na katika hatua za mwanzo kipulizio na ridi vinaamua sauti kuliko mbao. Kama una fedha ya kuboresha kitu kimoja tu, boresha kipulizio.

Kipulizio na ridi

Kipulizio kimekatwa mshazari upande wa juu, ambako meno ya juu hutua. Upande wa chini kuna dirisha refu linaloingia ndani, na kulizunguka kuna uso bapa ambao ridi hulazwa juu yake. Kiinue ukitazame ubavuni dhidi ya mwanga. Utaona uso huo haunyooki hadi mwisho: ukikaribia ncha hupinda taratibu kuiacha ridi, kiasi kwamba kati ya ncha ya ridi na ncha ya kipulizio unabaki mwanya wa milimita moja hivi. Pumzi yako yote inapita hapo.

Ridi ni kipande cha tete, mmea ambao jina lake la kitaalamu ni Arundo donax; matete yanayosifika zaidi hukua Var, kusini mwa Ufaransa. Kitako chake ni kinene, kisha huchongwa na kupungua hadi ncha yenye unene wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita. Ncha hiyo ni mlango mdogo unaofunguka na kufungwa, na ukipiga noti ya chini kabisa hufanya hivyo mara 147 hivi kwa sekunde moja.

Kuna jambo hapa ambalo wanafunzi wengi hawaambiwi mapema. Pumzi yako inaisukuma ridi iuzibe ule mwanya. Kadiri unavyoongeza nguvu ndivyo mlango unavyoelekea kufungwa, na ukipitiliza unafungwa kabisa na sauti inakatika. Taya likiuma, matokeo ni yaleyale. Kwa hiyo noti ikikwama, legeza taya kwanza, hakikisha pembe za midomo hazivujishi, halafu peleka pumzi ya kasi isiyoyumba. Ukianza kwa kuongeza nguvu unajifungia mlango mwenyewe.

Ridi naiweka hivi. Naishika mdomoni ilowe wakati naunganisha vipande vingine. Ridi kavu huwa na mawimbi madogo nchani, unayaona ukiielekeza kwenye mwanga, na mawimbi hayo yanapitisha hewa. Yakishatulia, navisha kibanio kwenye kipulizio kikiwa kimelegea, kisha naiteleza ridi chini yake nikiwa nimeshika kitako. Wengi hutanguliza ridi halafu wakaja na kibanio kwa juu. Siku moja kibanio kitaigusa ncha na ridi itakuwa imekwisha. Ikishaingia, isogeze kwa gumba mpaka, ukiitazama kwa mbele, juu ya ncha ya ridi uone ukingo wa kipulizio usiozidi unene wa unywele. Ukiishusha zaidi inakuwa laini na sauti inatawanyika. Ukiipandisha inakuwa ngumu. Kisha tazama kushoto na kulia: ridi ilalie reli mbili za dirisha kwa usawa. Ridi iliyoegemea upande mmoja ni mojawapo ya vyanzo vikubwa vya ule mlio mkali wa ghafla. Kaza skrubu mbili za kibanio hadi ridi isisogee ukiigusa, uishie hapo.

Ridi huuzwa kwa namba, kwa kawaida kuanzia 1½ hadi 5, na namba kubwa ndiyo ngumu. Anza na 2 au 2½. Namba za watengenezaji hazilingani, kwa hiyo usishangae 2½ ya huyu ikiwa ngumu kuliko 2½ ya yule. Kuwa na kadhaa, uzipige kwa zamu. Ridi moja ikipigwa kila siku huchoka taratibu, na mdomo wako unajizoesha kuisaidia bila wewe kujua. Siku ukibadilisha unakuwa kama mgeni.

Kwa nini bomba fupi linatoa sauti nzito

Filimbi ya orkestra inakaribiana sana kwa urefu na klarineti, lakini noti ya chini kabisa ya klarineti iko chini ya ile ya filimbi kwa karibu oktava nzima, yaani ngazi kamili ya noti nane. Sababu iko kwenye ridi.

Ridi inapofunguka, msukumo wa hewa huingia na kukimbia ndani ya bomba hadi kwenye tundu la kwanza lililo wazi. Pale unakutana na hewa huru, unageuka, na kurudi juu ukiwa mvuto. Unapoifikia ridi, mvuto huo unaivuta ifunge. Mwisho ule wa juu umezibwa, kwa hiyo mvuto unarudishwa chini ukiwa mvuto vilevile. Unafika tena kwenye tundu, unageuzwa, na sasa unapanda ukiwa msukumo unaoifungua ridi. Mzunguko mmoja umekamilika, na wimbi limesafiri urefu wa bomba mara nne. Filimbi iko wazi pande zote mbili, kwa hiyo kwake safari mbili zinatosha. Safari ndefu, mtikisiko wa polepole, sauti nzito.

Ukilielewa hilo, matundu yote yanaeleweka. Kila kidole unachonyanyua kuanzia chini kinaleta karibu lile tundu la kwanza lililo wazi na kufupisha safari.

Bareli ndiyo inayorekebisha urefu wote kwa pamoja. Ina kama milimita 65. Ukiivuta itoke kidogo kwenye bomba la juu, ala inashuka, ukiirudisha, inapanda. Fahamu tu kwamba milimita moja ni sehemu kubwa zaidi ya bomba fupi kuliko ya bomba refu, kwa hiyo noti zinazotumia matundu ya juu hushuka kuliko zile za chini. Pia usipatanishe sauti na wenzako kabla ala haijapata joto. Hewa yenye joto hupitisha sauti haraka zaidi, na klarineti iliyopatanishwa ikiwa baridi itapanda baada ya muda mfupi.

Mabomba mawili na daraja

Noti nitazitaja kama zinavyoandikwa kwa mpiga klarineti. C yake husikika B flati kwenye piano.

Mkono wa kushoto unakaa bomba la juu, wa kulia bomba la chini, na gumba la kulia linabeba uzito wote kwenye kishikio cha nyuma. Matundu saba yanazibwa na vidole moja kwa moja: sita mbele, moja nyuma chini ya gumba la kushoto. Yaliyobaki yapo mahali ambapo vidole havifiki au ni makubwa mno, hivyo huzibwa na vifuniko. Mfumo unaotumika sehemu nyingi za dunia ni ule wa Boehm, wenye vibonye 17 na pete 6. Ujerumani na Austria wanaendelea na mfumo wa Oehler. Theobald Boehm alishughulika na filimbi. Walioleta pete zake kwenye klarineti ni mpigaji Hyacinthe Klosé na fundi Auguste Buffet, wakaionyesha Paris mwaka 1839.

Pete ni wazo zuri sana. Kidole kinashuka kuziba tundu, na njiani kinaisukuma pete inayolizunguka. Pete imeunganishwa na fito, na fito inashusha kifuniko kingine mahali pengine. Tendo moja, matundu mawili. Bonyeza pete ya kwanza ya mkono wa kulia polepole huku ukiangalia bomba la juu, utaona kifuniko kikishuka kule bila kuguswa.

Kinachopeleka mwendo huo ng'ambo ni daraja: vibapa viwili vidogo vya chuma vinavyopandana pale mabomba yanapokutana. Hapo ndipo klarineti nyingi huumizwa, kwa sababu ya haraka tu ya kuunganisha. Shika bomba la juu kwa kiganja, ukibonyeza pete zake kwa vidole. Kibapa cha juu kitainuka. Shika bomba la chini sehemu ya chini, bila kuminya fito wala kubonyeza pete zake, kisha ingiza shingo, ile ncha nyembamba ya kuunganishia, kwa kuzungusha kidogo huku na huku. Kibapa cha juu kikiwa juu ya mwenzake, sawasawa, achia. Shingo ikigoma, usitumie nguvu. Kuna utepe wa koki umeizunguka, gome lilelile la kuzibia chupa, nao unahitaji mafuta yake maalumu kidogo.

Mimi huanza na kengele na bomba la chini, kisha bomba la juu, bareli, kipulizio, na ridi mwisho kabisa. Hivyo ncha ya ridi haikai wazi huku mikono ikihangaika.

Chini ya kila kifuniko kuna pedi: duara la kadibodi na feli (kitambaa cha sufi iliyoshindiliwa), limefunikwa na utando mwembamba wa utumbo wa mnyama, limegandishwa kwa gundi inayoyeyuka kwa joto. Vichache vya juu huwa na pedi za koki. Ukifuata fito kwa macho utaona springi nyembamba kama sindano, mara nyingi za rangi ya buluu kwa sababu chuma kimetiwa joto, kila moja imeegemea kijino kidogo. Kibonye kikilegea ghafla, angalia kwanza kama springi imeteleza kutoka kwenye kijino chake. Sindano ya kufumia inatosha kuirudisha.

Kibonye cha rejista

Rejista ni eneo la sauti, la chini au la juu. Juu kidogo ya tundu la gumba la kushoto kuna kibonye cha kurukia eneo la juu, kinachofungua tundu dogo sana. Ndani yake mna mrija mfupi uliochomoza kwenye uwazi wa bomba, ili maji yanayotiririka ukutani yasiingie. Johann Christoph Denner, fundi wa Nuremberg, ndiye anayetajwa kuizaa klarineti karibu mwaka 1700 kutoka kwenye shalumo, ala ndogo iliyoitangulia, na tundu hili lilibadilisha kila kitu.

Shika C ya chini: gumba na vidole vitatu vya kushoto. Ikitoka safi, kunja gumba kidogo uguse kibonye cha rejista bila kuliachia tundu. Inatoka G, oktava moja na hatua nne zaidi juu. Filimbi, obo na saksofoni zikirukishwa hivyo hupanda oktava kamili. Klarineti, ikiwa imezibwa juu na upana wake ni mmoja, inaruka mbali zaidi, na kwa sababu hiyo ni lazima iwe na noti 19 tofauti kabla vidole havijaanza kurudia mpangilio wake. Una vidole kumi, na kimoja kimebeba ala. Vibonye vyote vile vya pembeni vimewekwa ili kulijaza pengo hilo.

Noti nne za mwisho kabla ya mruko, G ya vidole vyote juu, G shapu, A na B flati, ndizo dhaifu zaidi. Safari ya wimbi ni fupi mno, na B flati inatoka kupitia kile kitundu cha rejista, ambacho ni kidogo mno kwa noti na kikubwa kidogo kuliko kinavyotakiwa kwa kuruka. Kimepewa kazi mbili, kila moja inahitaji kipimo chake. Usimhukumu mwanafunzi kwa B flati yake.

Kisha inakuja hatua inayowatoa wengi jasho: kutoka A, yenye kidole kimoja, kwenda B inayodai karibu vidole vyote kwa mpigo. Laza vidole vya kulia kwenye matundu yake tangu ukiwa kwenye A. Haviharibu A, wakati mwingine vinaipa mwili zaidi, na unapofika B kazi nusu imeshafanyika. B ikikataa bado, bonyeza vidole vyote kwa sekunde chache kisha vigeuze uvitazame. Kila kidole kilichoziba tundu kitakuwa na alama ya duara kwenye nyama. Duara likikatika upande mmoja, umeona hewa inapotorokea.

Kengele nitaisema kwa ufupi, kwani watu huipa sifa isiyo yake. Sauti ya noti nyingi hutokea kwenye matundu yaliyo wazi, haifiki huko. Kengele inahudumia hasa noti zinazotumia bomba lote au karibu lote: E na F za chini, na B iliyo baada ya mruko. Ukirekodi, usiielekeze maikrofoni ndani ya kengele. Iweke mbele ya mabomba, mbali kidogo, ipate matundu yote.

Kupima kama inavuja

Toa bomba la juu peke yake. Ziba matundu kwa gumba na vidole vitatu, weka kiganja upande wa chini, kisha vuta hewa kwa mdomo upande wa juu. Likiwa zima utasikia mvuto unaoshikilia kwa sekunde kadhaa. Ukipotea mara moja, kuna pedi isiyoziba. Bomba la chini hupimwa vilevile, ila kumbuka vifuniko vya E na F hukaa wazi, lazima uvibonyeze.

Kumpata mhusika, kata karatasi ya kusokotea sigara iwe utepe mwembamba. Uweke chini ya ukingo wa pedi, shusha kifuniko kwa uzito mdogo tu, kisha uvute utepe. Unapaswa kusikia ukinzani. Rudia mbele, nyuma, kushoto na kulia kwa pedi hiyohiyo. Pedi nyingi mbovu zinashika pande tatu na kuachia wa nne. Anza na vile vifuniko viwili vikubwa vya chini. Kidole kidogo kikibonyeza E, kifuniko cha F kinapaswa kushuka pamoja nacho na kugusa kwa wakati uleule. Cha F kikitangulia hata kidogo sana, cha E hakifungi sawasawa, na noti zote mbili za bomba lote, E ya chini na B, zitakuwa ngumu huku zingine zikilia vizuri. Marekebisho hayo mwachie fundi, ila mwambie umekuta tatizo wapi.

Ukisikia mlio wa maji yakichemka kwenye noti moja, tundu la juu limeingiwa na maji. Weka karatasi ileile chini ya pedi yake, bonyeza na uachie mara kadhaa, itayanyonya.

Baada ya kupiga, pitisha kitambaa ndani ya mabomba, na ufute mashimo ya kuunganishia, ambako maji hujificha. Klarineti ya mpingo hupasuka pale ambapo ndani ina joto na unyevu huku nje ni baridi, hasa sehemu ya juu ya bomba la juu, kwa hiyo mpya ipigwe muda mfupi mfupi majuma ya kwanza na ipashwe joto kwa mikono kabla ya kupulizwa. Kipulizio kioshe kwa maji ya vuguvugu, kamwe si ya moto. Ridi itoe kila mara, uifute, uilaze kwenye kibebeo chenye uso bapa. Ikiachwa ikauke kwenye kipulizio hupinda, na kesho yake utalaumu mapafu.